Akiba haiozi? Uzalishaji wa wakati mwafaka na somo lake kwa viwanda na karakana

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa fedha za dharura zilizowekwa pembeni, usemi huo hauna mjadala. Kiwandani mambo ni tofauti. Bati likikaa ghalani linashika kutu, kitambaa kinapauka, mtindo unapitwa, na fedha iliyonunulia vitu hivyo inabaki imelala wakati mishahara, umeme na kodi ya pango havisubiri. Akiba ya kiwandani inaoza, hata kama haitoi harufu.

Kampuni moja ya Japani iliyokuwa karibu kufilisika ilijenga namna mpya ya kufanya kazi juu ya ukweli huo. Dunia inaijua kwa jina la Kiingereza la just-in-time. Hapa tutaiita uzalishaji wa wakati mwafaka: kutengeneza kinachohitajika, wakati kinapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika.

Makala haya yanaeleza fikra hiyo ilikotoka, inavyofanya kazi, kwa nini baadhi ya waliyoiiga waliumia, na kipi kinaweza kumfaa mwenye karakana au kiwanda kidogo katika ukanda wetu. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kupunguza ghala ni matokeo ya kazi nyingine iliyotangulia. Anayeanza kwa kufunga ghala kabla ya kufanya kazi hiyo anajitafutia matatizo.

Uzalishaji wa mazoea ulikuwaje?

Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, jimbo la Michigan nchini Marekani, kampuni ya Ford ilianza kutumia mkanda unaotembea kuunganisha magari. Badala ya mafundi kulizunguka gari, gari lilipita mbele ya mafundi, na kila mmoja alifanya kazi yake moja. Muda wa kuunganisha gari aina ya Model T ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi takriban saa moja na nusu. Bei nayo ilishuka, kutoka dola 850 mwaka 1908 hadi dola 260 katikati ya miaka ya 1920. Hadi mwaka 1927 Model T zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimetengenezwa.

Mafanikio hayo yaliwafundisha wenye viwanda kanuni moja: tengeneza kwa wingi, gharama ya kila kimoja itashuka. Mashine kubwa isisimame. Ikishawekwa kutoa aina moja ya kipuri, itoe maelfu kabla ya kubadilishwa. Ziada iende ghalani, itauzwa baadaye. Bidhaa zenye kasoro zitatengwa mwishoni na kurekebishwa.

Wataalamu huita mfumo huu wa kusukuma. Ofisi hukisia ni kiasi gani kitauzwa, hupanga ratiba, kisha kila idara husukuma kazi yake kwenda idara inayofuata, hata kama huko bado wamelemewa. Makisio yakiwa sahihi, mambo huenda vizuri. Yakikosea, ghala hujaa vitu visivyo na mnunuzi, huku kile mteja anachokitaka hakipo.

Mzizi ni mashine ya kufumia nguo

Habari ya Toyota inaanza kwenye nguo kabla ya magari. Sakichi Toyoda alikuwa mvumbuzi wa mashine za kufumia. Mwaka 1924 alikamilisha mashine iliyoitwa Type G, ambayo ilijisimamisha yenyewe uzi ulipokatika. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwa mashine isiyo na uwezo huo, uzi ukikatika bila mtu kuona, mashine iliendelea kufuma kitambaa kibovu, na ilibidi mfanyakazi aikodolee macho muda wote. Sasa mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mashine nyingi.

Mwaka 1929 haki za uvumbuzi huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza. Mwanawe, Kiichiro Toyoda, aligeukia magari, na kampuni ya Toyota Motor ikaanzishwa mwaka 1937. Kiwanda cha Koromo kilipofunguliwa mwaka uliofuata, Kiichiro alitaka kila kipuri kifike kwenye mkanda wakati kinapohitajika tu. Vita vya Pili vya Dunia vilivuruga mpango huo.

Kwa hiyo fikra hii ina nguzo mbili, na kila moja imetoka kwa mmoja wao. Ya baba ni kusimamisha kazi pale kasoro inapoonekana, kwa Kijapani jidoka. Ya mwana ni kila kitu kwa wakati wake. Wengi waliokuja kuiga baadaye waliichukua ya pili na kuisahau ya kwanza.

Mwaka 1950: njaa ndiyo iliyofundisha

Baada ya vita, uchumi wa Japani ulikuwa taabani. Ilipofika 1949 serikali ilikaza matumizi, mikopo ikakauka, na Toyota ikabaki na magari yasiyolipiwa. Benki zilikubali kuiokoa kwa masharti, likiwamo la kutenganisha idara ya mauzo iwe kampuni yake. Mwaka 1950 kampuni ilitangaza kupunguza wafanyakazi, wafanyakazi wakagoma, na mgogoro ulipokwisha Kiichiro Toyoda alijiuzulu. Alifariki mwaka 1952.

Mwezi huohuo wa Juni 1950 alipoondoka, Vita vya Korea vilianza, na jeshi la Marekani likaagiza malori. Oda hizo ziliinusuru Toyota. Lakini waliobaki hawakusahau: walikuwa wametengeneza magari kabla ya kuwa na uhakika wa kuyauza, na gharama ikalipwa kwa ajira za watu. Kwa kampuni isiyo na mtaji, isiyo na nafasi ya ghala na yenye soko dogo linalotaka aina nyingi za magari, njia ya Ford haikuwezekana hata wangeitamani.

Duka la kujihudumia lilivyoingia kiwandani

Mtu aliyeifanya fikra hiyo iwe kazi ya kila siku ni Taiichi Ohno, aliyetokea kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda na kuhamia kwenye magari mwaka 1943. Akiwa msimamizi wa karakana ya mashine, alivutiwa na habari za maduka makubwa ya kujihudumia ya Marekani, ambayo aliyaona kwa macho mwaka 1956.

Katika duka la aina hiyo, mteja huchukua kwenye rafu anachohitaji. Pengo linalobaki ndilo linalomwambia mhudumu alete nini na kiasi gani. Hakuna anayejaza rafu ambayo haijaguswa. Ohno aliugeuza mtiririko wa kiwanda ufuate mtindo huo. Idara inayounganisha gari iwe mteja, na idara inayotengeneza vipuri iwe rafu. Fundi wa mbele achukue alichohitaji, na fundi wa nyuma atengeneze kile tu kilichochukuliwa. Huu ndio mfumo wa kuvuta.

Taarifa ilihitaji njia ya kusafiri, na njia hiyo ikawa kadi. Kwa Kijapani huitwa kanban, neno lenye maana ya kibao au ubao wa tangazo. Kila kasha la vipuri lina kadi yake inayoonyesha jina la kipuri, idadi, kinakotoka na kinakokwenda. Kasha likianza kutumika, kadi hutolewa na kurudishwa nyuma, na kurudi kwake ndiyo ruhusa ya kutengeneza kasha jingine. Bila kadi, hakuna kutengeneza. Idadi ya kadi ikiwa kumi, haiwezekani kuwapo makasha zaidi ya kumi.

Mfumo huu ulianza kutumika katika karakana ya Ohno mwaka 1953, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaenea katika viwanda vyote vya kampuni. Ulichukua karibu miaka kumi, ndani ya kampuni yenyewe iliyoubuni. Anayeahidiwa kwamba kiwanda chake kitabadilika kwa semina ya siku tatu akumbuke hilo.

Neno “muda” na hasara saba

Wajapani wana neno muda, linaloandikwa kwa herufi zetu sawasawa na muda wetu wa saa na dakika. Kwao maana yake ni upotevu, kazi isiyo na faida. Ni sadfa tu ya lugha mbili zisizohusiana, lakini inamsaidia Mswahili kukumbuka.

Ohno aliorodhesha aina saba za upotevu kiwandani:

1. Kutengeneza kupita mahitaji.
2. Kusubiri: mtu au mashine kukaa bure kungoja kazi, kipuri au ruhusa.
3. Kuhamisha vitu huku na huko bila sababu.
4. Kufanya kazi zaidi ya inayotakiwa, kama kupiga msasa upande ambao hautaonekana.
5. Kurundika akiba.
6. Mizunguko ya mwili isiyo ya lazima: kuinama, kutafuta, kufuata kifaa mbali.
7. Kutengeneza vitu vyenye kasoro.

Kwa Ohno, ya kwanza ndiyo mama wa nyingine zote. Ukitengeneza kupita mahitaji, lazima uhamishe, uhifadhi, uhesabu na ulinde. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba inaficha matatizo.

Mtu wa pwani ataelewa haraka. Maji ya bahari yakijaa, miamba haionekani na mashua inapita juu yake. Yakipwa, kila mwamba uko wazi. Akiba ni maji. Mashine ikiharibika mara kwa mara, vipuri vya ghalani vinaficha. Msambazaji akichelewa kila wiki, ghala linaficha. Fundi akikata vibaya vipande vitano katika kila mia, ghala linaficha pia. Uzalishaji wa wakati mwafaka ni kuyapunguza maji kidogo kidogo, kuuona mwamba, kuuondoa, kisha kupunguza tena. Anayeyatoa maji yote kwa siku moja anavunja mashua.

Hesabu ya mikoba 20

Tuchukue mfano wa kufikirika. Karakana ina mafundi wanne wanaotengeneza mikoba ya shule. Wa kwanza anakata, wa pili anashona, wa tatu anaweka zipu na mikanda, wa nne anakagua na kufunga. Kila hatua inachukua dakika 10 kwa mkoba mmoja. Kuna oda ya mikoba 20.

Njia ya kwanza ni ya mafungu. Mkataji anakata yote 20 kwa dakika 200, kisha anakabidhi fungu zima. Mshonaji naye dakika 200, na kadhalika. Mkoba wa kwanza uliokamilika unapatikana baada ya dakika 610, yaani saa 10 na dakika 10. Oda yote inakwisha baada ya dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20.

Njia ya pili ni mmoja mmoja. Mkataji akimaliza mkoba mmoja anaukabidhi hapohapo. Mkoba wa kwanza unakamilika baada ya dakika 40. Yote 20 inakamilika baada ya dakika 230, yaani saa 3 na dakika 50.

Hakuna aliyeongeza kasi ya mikono. Kilichopungua ni kusubiri. Tuwe wakweli hapa: katika karakana iliyojaa kazi, wakati fungu hili linasubiri, mafundi wengine wanaweza kuwa wanashughulikia fungu jingine, kwa hiyo jumla ya mikoba ya mwezi inaweza isipishane sana. Faida kubwa iko kwingine. Mteja anapata oda yake mapema, fedha inarudi mapema, na kasoro inaonekana mapema. Kama kipimo cha mkataji kina kosa, kwa njia ya mafungu mshonaji ataligundua wakati mikoba 20 imeshakatwa vibaya. Kwa njia ya mmoja mmoja, ataligundua wakati mkataji yuko kwenye mkoba wa pili.

Kuna hesabu nyingine rahisi. Gawanya idadi ya bidhaa ambazo hazijakamilika kwa idadi unayomaliza kwa siku. Ukiwa na mikoba 300 nusu kamili na unamaliza 30 kwa siku, oda mpya ikiingia leo na kupanga foleni nyuma yake itatoka baada ya siku 10, hata ukigomba na mafundi namna gani. Ukitaka kuahidi siku tatu, kilicho mbele yake lazima kishuke hadi 90.

Kwa nini watu hutengeneza kwa mafungu?

Si ujinga. Mara nyingi ni kwa sababu kubadilisha mashine kutoka kazi moja kwenda nyingine ni taabu. Kama kubadilisha kunachukua saa nne, hakuna mwenye akili atakayebadilisha kwa ajili ya vipande kumi.

Toyota ililiona hilo. Mwaka 1969 mshauri wa viwanda Shigeo Shingo aliitwa kusaidia kwenye mashine kubwa ya kukandamiza bati, yenye nguvu ya tani 1,000. Kubadilisha kalibu zake kulichukua saa nne. Kwanza walishusha hadi dakika 90, kisha hadi dakika tatu.

Siri yao ilikuwa kutofautisha kazi za aina mbili. Zipo zinazolazimu mashine isimame, kama kufungua na kufunga kalibu. Zipo zinazoweza kufanyika mashine ikiendelea, kama kutafuta spana, kuleta kalibu inayofuata na kuisafisha. Walihamisha kila walichoweza kwenda kundi la pili, kisha wakarahisisha kilichobaki, kwa mfano kwa kutumia vifungio vya kukaza kwa mzunguko mmoja badala ya bolti ndefu.

Fundi cherehani anayepanga nyuzi, sindano na vifungo vya kazi ijayo kabla hajamaliza aliyonayo anafanya jambo hilohilo. Ndipo kutengeneza kidogo kidogo kunapoanza kulipa.

Watu kwanza: mfano wa Fremont

Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba mfumo huu unawezekana kwa Wajapani pekee, kwa sababu ya utamaduni wao. Kiwanda cha Fremont, California, kiliipa hoja hiyo jaribio.

Kilikuwa cha General Motors, kikajulikana kwa utoro, migogoro na magari yenye kasoro, na kikafungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni namna ya kuwatendea na kupanga kazi. Kila mfanyakazi alipewa mamlaka ya kuvuta kamba akiona kasoro. Kiongozi wa timu alikuja mara moja kumsaidia, na tatizo lisipotatuliwa mkanda ulisimama. Utoro ulipungua, na ubora wa magari ukakaribia ule wa viwanda vya Japani. Kiwanda cha NUMMI kiliendelea hadi 2010.

Katika mfumo wa zamani, kusimamisha mkanda lilikuwa kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Hapa, kuacha kasoro ipite ndilo kosa. Bosi anayetaka wakati mwafaka lakini anamfokea fundi anayesema “hapa kuna tatizo” hataupata. Fundi ataficha kasoro, na kasoro bila akiba nyuma yake itasimamisha kila kitu.

Pale mnyororo unapokatika

Udhaifu wa mfumo huu unajulikana. Ukiwa na akiba ya saa chache, ajali moja inaweza kukufunga.

Februari 1, 1997, moto uliteketeza kiwanda cha Aisin mjini Kariya, Japani. Kiwanda hicho ndicho kilichoipa Toyota karibu vali zote za breki za aina moja. Toyota ilikuwa na vali za kutosha saa chache tu, na viwanda vyake vingi nchini vikasimama. Kilichofuata kikawa somo katika vyuo vya biashara. Kampuni nyingi, baadhi hazijawahi kutengeneza vali, zilipewa michoro na kuanza kuzitengeneza kwa mashine zozote zilizokuwapo. Brother, watengenezaji wa cherehani, walikuwa miongoni mwao. Ndani ya takriban wiki moja magari yalikuwa yakitoka tena kwa wingi. Uhusiano wa miaka mingi kati ya Toyota na wasambazaji wake ndio uliokuwa akiba yao ya kweli.

Tetemeko la Machi 11, 2011 na tsunami iliyofuata vilikuwa vikubwa zaidi. Miongoni mwa viwanda vilivyoharibika ni cha chipu za kielektroniki cha Renesas. Toyota iligundua kwamba haikuwajua wasambazaji wa wasambazaji wake. Ilichora ramani ya mnyororo mzima, na kwa vitu kama chipu, ambavyo kutengenezwa kwake huchukua muda mrefu, ikawataka wasambazaji waweke akiba ya kati ya miezi miwili na sita. Uhaba wa chipu duniani ulipoanza kubana mapema 2021, Toyota ilihimili kwa miezi kadhaa kuliko washindani wengi. Haikukingika kabisa: Septemba mwaka huo ilipunguza mpango wake wa uzalishaji duniani kwa takriban asilimia 40.

Bahari nayo ina neno lake. Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Mwanzoni mwa 2024, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliposababisha meli kuzunguka kupitia Rasi ya Tumaini Jema, Tesla ilisimamisha sehemu kubwa ya kazi katika kiwanda chake karibu na Berlin kwa takriban wiki mbili kwa kukosa vipuri, na Volvo ilisimamisha kiwanda cha Ghent, Ubelgiji, kwa siku tatu.

Tukio baada ya tukio linaonyesha jambo moja. Waliobeba sehemu ya “punguza akiba” pekee, huku wakinunua kutoka mbali kwa bei ya chini kabisa, waliumia. Waliouliza “kwa nini tunahitaji akiba hii?” walijua ipi iondolewe na ipi ibaki.

Afrika Mashariki tunasimama wapi?

Fikra hizi zimeshafika kwetu, na mara nyingi kwa jina la kaizen, yaani uboreshaji wa hatua ndogo ndogo usiokoma. Ethiopia ilianzisha taasisi yake ya Kaizen mwaka 2011. Tanzania ilianza programu ya kaizen viwandani mwaka 2013, kwa ushirikiano wa wizara ya viwanda na shirika la maendeleo la Japani, JICA. Hospitalini ilitangulia: Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza mwaka 2007 na hatua tano za kupanga mahali pa kazi, ambazo kwa Kiswahili zilipewa majina sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Hatua hizo hazihitaji mtaji mkubwa, na ndizo msingi: huwezi kujua umepungukiwa na nini mahali ambapo hujui kilichopo.

Lakini mazingira yetu hayafanani na mji wa Toyota, ambako wasambazaji wengi wako umbali mfupi kwa lori. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers cha Mombasa huunganisha magari kwa vipuri vinavyokuja kwa kontena kutoka ng’ambo. Hapo haiwezekani kupokea vipuri kila saa. Mwenye karakana wa Sumbawanga au Bukoba anayesubiri mzigo kutoka Dar es Salaam naye anajua barabara, mvua na mizani.

Tena tusichanganye mambo mawili. Mwenye genge anayenunua mafuta ya kula lita tano tano kwa sababu hana fedha ya dumu hafanyi uzalishaji wa wakati mwafaka. Anabanwa na mtaji, na huenda analipa bei ya juu. Wakati mwafaka ni uamuzi unaotokana na kumjua mteja, kumwamini msambazaji na kuwa na mtiririko usiokatika.

Kwa hiyo akiba ya kiasi gani? Kanuni ya kadi inasaidia: matumizi ya siku mara siku za kusubiri mzigo, jumlisha akiba ya usalama. Karakana inayotumia zipu 12 kwa siku, ikiwa mzigo huchukua siku tatu na inataka usalama wa siku moja, inahitaji zipu 48. Zikibaki 48, agiza. Kama mzigo mara nyingine huchukua siku tatu na mara nyingine tisa, akiba ya usalama lazima iwe kubwa. Ndiyo maana kumpata msambazaji anayetimiza ahadi kunaweza kukuokolea fedha kuliko anayepunguza bei kidogo na kuchelewa.

Na yapo mambo ambayo akiba yake isiguswe kwa pupa. Zahanati ya kijijini haiwezi kungoja mgonjwa wa malaria afike ndipo iagize dawa. Mafuta ya jenereta ya chumba cha upasuaji, damu salama na oksijeni havipimwi kwa gharama ya ghala pekee. Kadi zinaweza kutumika hata huko, lakini kiwango cha chini kiwekwe juu.

Pa kuanzia

Kwa mwenye karakana, kiwanda kidogo au jiko la biashara, haya ni maswali ya kujiuliza kwa utaratibu huu:

• Ni bidhaa gani zilizopo stoo ambazo hazijaguswa kwa miezi mitatu, na zimekalia shilingi ngapi?
• Oda ikiingia leo itatoka lini, na kati ya siku hizo ni saa ngapi mtu anaigusa kweli?
• Kazi inarundikana wapi? Hapo ndipo pa kusaidia kwanza.
• Kubadilisha kutoka kazi moja hadi nyingine kunachukua dakika ngapi, na ni maandalizi gani yanaweza kufanyika kabla?
• Fundi akiona kasoro, ana ruhusa ya kusimamisha kazi?
• Msambazaji gani hutimiza ahadi, na nani akikwama kesho utafunga?

Ukishajibu, chagua bidhaa moja, punguza fungu lake kwa nusu, na uangalie nini kinakwama. Kikwazo hicho ndicho kazi yako ya wiki ijayo. Kikiisha, punguza tena. Ghala litapungua lenyewe kadiri sababu za kulihitaji zinavyokwisha, na pale sababu inapobaki, liache ghala lako lilipo.